Sombe Haipo Hadi Julai

Jumanne tarehe 4 Aprili 2023, Concilie Ndayizeye, Mrundi mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu, kuanzia Juni, wa kupanga ghala la zamani la mbegu katikati ya Grand Prairie, Texas. Ghala hilo la matofali mekundu lilijengwa mwaka 1911. Mwenye jengo ni chama cha mtaa cha kuhifadhi majengo ya kale, na katika mkataba wake kilitia kifungu ambacho mwanasheria alimsomea Concilie mara mbili, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukiamini: mpangaji atauza chakula cha msimu kutoka mashamba ya karibu, na si kingine. Concilie alimwambia kwamba hicho ndicho kifungu pekee alichokielewa bila kuhitaji mwanasheria.

Alikielewa kwa sababu alikuwa amechoka na kinyume chake. Alizaliwa Ruyigi, akakulia katika kambi za wakimbizi za Kigoma, akafika Fort Worth mwaka 2008 na mumewe Thaddée na binti yao Ella akiwa mgongoni. Thaddée alipata kazi kwenye bohari. Yeye alipata kazi kwenye jiko la hoteli moja Dallas, na huko kwa miaka mingi alikaanga mayai yaliyomiminwa kutoka kwenye boksi na kukata nyanya ambazo Januari zilifanana na za Agosti kwa rangi, kwa ukubwa na kwa kukosa ladha. Kambini alikuwa amekula mgao mmoja wa unga mwaka hata mwaka, bila kuchagua. Hakuona kwa nini mtu aliyevuka bahari aendelee kula hivyo kwa hiari yake.

Jengo lina masharti yake. Ukuta wa nje una maandishi ya rangi nyeupe yanayotangaza mbegu na chakula cha mifugo, na hayaruhusiwi kufutwa. Mzee mmoja wa Kimarekani aliingia mwaka wa kwanza akaagiza gunia la pumba za kuku, akaondoka na sambusa. Mlango hukwama siku za mvua na hauruhusiwi kurandwa. Katikati ya ukumbi pana mizani ya chuma ya kupimia magunia, iliyofungwa sakafuni, nayo haisogezwi. Jumapili baada ya misa watu husimama juu yake wakiwa na suti na vitenge vyao, husoma namba, kisha humlaumu Concilie.

Chakula hutoka kwa Gelasius, Mtanzania wa Bukoba aliyekodi shamba kusini mwa mji na kulilima kwa ukali wa mwalimu wa shule ya bweni. Mei huleta lengalenga, yaani mchicha. Juni huleta matembele. Julai, joto linapokuwa la kuchoma nyayo, mihogo yake hupata majani ya kutosha, naye huja na magunia ya kile anachokiita kisamvu na ambacho kila mtu mwingine mgahawani hukiita sombe. Novemba baridi huua vyote hivyo kwa usiku mmoja. Kuanzia hapo hadi masika ni kabichi, sukuma, maboga, maharage makavu na viazi vitamu vilivyofunikwa kwa magunia. Concilie huandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: Sombe haipo hadi Julai. Halafu hujiandaa kwa miezi ya kubishana.

"Mama Ella, sombe?"

"Julai."

"Julai ya nini? Tuko Disemba."

"Muhogo umekufa kwa baridi, baba."

"Muhogo umekufa. Na friza, nayo imekufa?"

Hawa ni wateja wake wa damu, Wakongomani wa Uvira na Fizi na Warundi wenzake, watu wa bohari na wa kutunza wazee, ambao husali naye misa ya Kiswahili na humwita dada. Wamarekani hawamsumbui. Wakisoma "hakuna" huona ni jambo la kifahari, huinamisha vichwa na kula maboga. Ndugu zake husoma "hakuna" kama watu waliowahi kusimama kwenye foleni ya mgao.

"Kule Houston, pale Sharpstown, wanakula sombe mpaka Noeli," Tharcisse alimwambia mwezi huo. Tharcisse ni Mkongomani, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo kanisani, mtu mrefu mwenye kofia ambayo huivua mbele ya padre peke yake.

"Basi endesha gari uende Houston."

"Nimeenda. Nimerudi. Ndiyo maana nimechoka na nina njaa."

Ni Tharcisse huyo huyo aliyeshinda vita vya kwanza, vile vya kuweka nafasi. Ella alikuwa ametengeneza ukurasa kwenye mtandao ili wateja waseme mapema wanakuja lini na wako wangapi. Wamarekani waliutumia. Jumuiya haikuutumia hata mara moja. Walikuja baada ya ubatizo, baada ya kipaimara, baada ya mtu kupata uraia, kundi zima, wakivuta meza na kuziunganisha.

"Mimi ni-book?" Tharcisse alishangaa. "Nikienda kwa dada yangu, napiga hodi. Kwani wewe unani-charge hodi?"

Concilie aliacha. Aliona afadhali apigane vita vimoja tu.

Jambo ambalo hakulihesabu ni desturi moja, na hapa hasira yake ina kasoro, maana desturi yenyewe ni yake pia. Kambini, moshi wa jirani usipoonekana, humuulizi kwa nini. Kumuuliza ni kumvua nguo. Unapika kwako, unafunika sahani kwa kitambaa, unaipeleka, unazungumza habari za mvua, unaondoka. Concilie amebeba sahani za namna hiyo, na amepokea nyingine. Majira mawili ya kwanza ya baridi watu walisema biashara bado ni changa. Kwa hiyo majira ya tatu, Novemba lengalenga na sombe vilipotoweka tena, na Januari hata matembele ya kusingizia hayakuonekana, jumuiya haikuuliza. Ilihitimisha.

Yeye aliona dalili bila kuzielewa. Kina mama kanisani walimkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mmoja alimuuliza kama nyumbani wanalala vizuri. Mtu alimtumia Thaddée, kazini, mfuko wa mchele.

"Umewaambia nini watu?" alimuuliza mumewe.

"Sijasema kitu. Nimesema asante."

Kisha ikaja habari ya ukaguzi. Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa Mei, na Bi Whitney Hruska, mwenyekiti wa kamati ya chama cha majengo, alitaka kuja kula Jumapili tarehe 15 Februari kabla kamati haijaamua kama itamwongezea muda. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye macho ya kuhesabu matofali. Concilie alimwambia Mado peke yake, kwa kuwa Mado ndiye mpishi wake mkuu na lazima ajue. Mado ni wa Uvira, mikono yake ni ya dhahabu na mdomo wake hauna mlango. Alimwambia wifi yake kwa simu, akiwa kwenye maegesho, kwamba wenye nyumba wanakuja Jumapili kuangalia. Kufikia Alhamisi, habari ilikuwa kwamba wenye nyumba wanakuja Jumapili kumtoa.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Kwaresima. Concilie hakwenda misa. Alikuwa amepanga meza chache, akapika kabichi kwa karanga, maharage kwa sukuma, boga la kuoka, mbuzi wa kuchemsha taratibu, na viazi vyake vya gunia ambavyo vilikuwa vimeongeza sukari kwa kukaa gizani. Kila kitu kilikuwa kimetoka kwa Gelasius au kwa jirani wa Gelasius. Alikuwa ameridhika, hali ambayo humjia kwa nadra na haikai.

Muda mfupi kabla Bi Hruska hajafika, magari yakaanza kuingia. Halafu mengine. Watu wakateremka na nguo za misa, kwaya ikiwa bado na sare zake, na mbele yao Tharcisse mwenye kofia, akiwaongoza wanaume waliobeba maboksi ya barafu yale ya kwenda nayo pikiniki.

"Tharcisse. Ni nini?"

"Usiseme kitu, Mama Ella. Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tunajua," alisema kwa sauti ya chini, akimshika mkono kama anavyowashika wafiwa. "Mambo hutokea. Weka hapo, vijana! Weka chini polepole!"

Ndani ya maboksi mlikuwa na sombe. Pakiti za plastiki, ngumu kama matofali, zilizotwangwa na kugandishwa katika nchi ya Asia ambayo Concilie asingeweza kuionyesha kwenye ramani. Tharcisse na wenzake walikuwa wamekwenda Houston Jumamosi, duka kwa duka, kutoka Sharpstown mpaka Stafford, wakanunua zote walizozikuta, wakarudi siku hiyo hiyo.

"Wakija wakute ukumbi umejaa na chakula kipo," alieleza. "Nani atamfukuza mtu mwenye ukumbi uliojaa?"

"Hakuna anayenifukuza!"

"Ndiyo hivyo. Sema hivyo hivyo. Kichwa juu."

Concilie aligeuka kutafuta msaada, akamkuta Mado ameshabeba pakiti mbili kifuani na anaelekea jikoni, uso umechanua.

"Mado. Ukifungua hizo pakiti, nakuapia."

"Mama, maji yameshachemka."

"Nani kachemsha maji?"

"Niliona magari."

Zawadi ya chakula ikiletwa hadharani haikataliwi, na hupikwa walioileta wakiwepo. Hilo nalo halihitaji kuandikwa popote. Ukumbi ulikuwa umejaa, meza zimeunganishwa kuwa moja, watoto wamepanda juu ya mizani wakipimana kwa makundi, na sauti ya pili ya kwaya imebanwa kati ya mlango na koti la mtu. Sakafu ya mbao ya mwaka 1911 ilianza kulia kila hatua. Kutoka jikoni ikaja harufu ambayo hakuna mtu pale aliyeikosea, ya majani ya muhogo yanayoyeyuka ndani ya sufuria, na watu wakashangilia.

Ndipo Bi Hruska alipofika. Mlango ulikwama, ingawa mvua haikunyesha; ulikuwa umezuiwa na watu. Tharcisse aliwasogeza kwa viwiko, akavua kofia, jambo lililowanyamazisha wote, akamkaribisha kwa Kiingereza chake cha bohari, ambacho hakina adabu nyingi lakini husikika mpaka mwisho wa ghala.

"Karibu, mama. Huyu dada yetu hana shida. Wanaosema ana shida ni waongo. Sombe iko! Iko wakati wa baridi, iko wakati wa joto. Mwaka mzima iko. Siku moja haijawahi kukosekana. Muonyesheni!"

Wanaume wawili wakafunua boksi. Pakiti zilimetameta ndani ya barafu.

Bi Hruska aliangalia boksi. Akaangalia ubao wa mlangoni, ambao Ella alikuwa ameuandika pia kwa Kiingereza. Akamgeukia Concilie. "Mwaka mzima?" aliuliza.

Concilie anasema hiyo ndiyo dakika pekee ambayo angependa arudishiwe, si kwa sababu alikosea, bali kwa sababu hakupewa nafasi ya kukaa chini kwanza. Akinyamaza, Tharcisse anabaki na heshima yake na yeye anapoteza ghala, kwa kuwa boksi lile peke yake lilitosha kuvunja kifungu. Akisema, anamwita mwenyekiti wa jumuiya mwongo mbele ya jumuiya, mtu ambaye jana yake tu ameendesha gari mpaka Houston na kurudi kwa ajili yake. Watu wote walikuwa wakimtabasamia kwa kumtia moyo. Hicho ndicho kilichomkata maini.

Alianza na Kiingereza, kwa ufupi. Hiyo si yangu, alimwambia Bi Hruska. Imegandishwa, imetoka upande wa pili wa dunia, nimeletewa zawadi leo. Sijaiuza hata siku moja na sitaiuza.

Kisha akawageukia wenzake kwa Kiswahili, na hapo hakuwa mfupi.

"Nani kawaambia nina njaa? Eh? Mmeona ubao. Kila siku mnapita mbele ya ubao! Umeandikwa Julai. Mlidhani Julai ni nini, ni ugonjwa? Mimi sijafilisika. Sina deni la mtu. Sombe nimeiacha kwa sababu mwezi huu hailimwi, na ikilimwa nitaipika mpaka mseme basi. Mnanikumbatia kanisani mpaka mbavu zinauma, mnampa mume wangu mchele kazini kama mjane, na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyefungua mdomo akaniuliza!"

"Mtu haulizwi," mtu alisema kwa sauti ndogo.

"Niulizeni! Tuko Grand Prairie! Niulizeni!"

Tharcisse alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hujafilisika," alisema.

"Sijafilisika."

"Friza haijaharibika."

"Sina friza, Tharcisse. Niliikataa."

"Umeikataa." Alilitafakari hilo. "Kwa hiyo sombe uliiacha kwa makusudi."

"Kwa makusudi."

Tharcisse aliwageukia watu. "Aliiacha kwa makusudi," aliwatangazia, kwa sauti ile ile anayotumia kutangaza misiba, na mahali fulani katika kwaya mtu akaangua kicheko, akazibwa mdomo, na ukumbi mzima ukamfuata.

Concilie hakucheka. Mado alikuwa ametokeza kichwa kwenye dirisha la jikoni.

"Na hii niliyokwisha kuweka motoni?"

"Itoe."

"Mama, sombe haikatizwi katikati."

"Itoe, Mado."

Ikatolewa. Sufuria ilifunikwa, ikafungwa kwa kitenge ili mfuniko usicheze, ikabebwa na watu wawili mpaka kwenye buti ya gari la Tharcisse, kwenda kumaliziwa kwenye ukumbi wa kanisa. Maboksi yakafuata. Nusu ya watu wakafuata maboksi. Waliobaki ni wale waliokuwa mbali na mlango, na Tharcisse mwenyewe, ambaye alimpa mtu funguo za gari na kusema hawezi kuondoka kabla mgeni hajala.

Akaketi meza moja na Bi Hruska. Concilie aliwawekea sahani. Tharcisse aliikagua kabichi kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa, akala tonge, akala jingine.

"Ina nini hii?"

"Karanga."

"Karanga peke yake?"

"Na kabichi ya Februari."

"Ungetuambia," alisema Tharcisse, "tusingekwenda mpaka Stafford."

Bi Hruska alikula kila kitu, akaomba viazi mara ya pili, na kabla ya kuondoka akamwita Concilie kando, karibu na mizani. Alimshukuru kwa kumwambia ukweli. Kuhusu chakula, alisema, hana neno, na kifungu kimeheshimiwa. Kilichomsumbua kilikuwa chini ya viatu vyao. Alionyesha kibao cha zimamoto ukutani, chenye idadi ya watu wanaoruhusiwa ndani, kisha akaonyesha sakafu. Mbao zile zilikuwa na umri wa zaidi ya karne, na mchana huo zilikuwa zimebeba watu karibu mara mbili ya idadi hiyo. Angeiambia kamati iongeze mkataba kwa sharti moja jipya: Jumapili hakuna atakayeingia bila kuweka nafasi.

Concilie aliweka mkono kwenye paji la uso. Angependa zaidi wangemwambia abadilishe chakula.

"Unafikiri itawezekana?" Bi Hruska aliuliza.

Concilie aliangalia ukumbini. Tharcisse alikuwa amepanda juu ya mizani na sahani yake mkononi, anabishana na namba.

"Sijui," alimjibu, na huo pia ulikuwa ukweli.

Kamati ilikubali Machi. Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, simu ya mgahawa ililia na Concilie akaipokea mwenyewe.

"Mama Ella, nataka ku-book."

"Vizuri sana, Tharcisse. Lini?"

"Leo."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Tuko mlangoni."

Aliangalia dirishani. Walikuwa mlangoni, familia nne, wamejipanga kwenye mstari mnyoofu wa kupendeza, na Tharcisse mbele yao na simu sikioni, akimpungia mkono kupitia kioo. Aliwahesabu. Aliwaingiza nusu, na nusu akawaacha wasimame nje na baridi mpaka viti vilipopatikana. Tharcisse alikuwa miongoni mwa walioachwa nje, na alimwambia kupitia kwenye kioo kwamba jambo hili litafika kwa padre.

Mkataba mpya, wa miaka mitatu, unaanza tarehe mosi Juni, na sharti la nafasi limo ndani yake. Gelasius ameshapanda mihogo. Mvua ya mawe isipoipiga, sombe itarudi mgahawani wiki ya kwanza ya Julai, na kwa Jumapili ya wiki hiyo viti vyote vimeshachukuliwa.